Kumi na Nne ya Mwezi wa Nane

Kila tarehe ishirini na saba ya mwezi wa saba wa kalenda ya serikali, Bi Thoan alishukuriwa. Alishukuriwa asubuhi, kabla jua halijawa kali, yeye na wenzake wote wa kata waliotoa mtu vitani na mtu mwenyewe asirudi. Walipangwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, mbele ya makaburi ya mashujaa, na mwenyekiti wa kata akasoma. Wenyeviti walibadilika, karatasi haikubadilika. Nchi haitawasahau, damu yao imeyastawisha mashamba haya, na mengine ya namna hiyo ambayo Thoan angeweza kuyasoma yeye huku amefumba macho. Halafu kila mtu aliitwa jina, akapanda jukwaani, akapewa mfuko wenye kilo ya sukari, pakiti ya chai, makopo mawili ya maziwa mazito na taulo, akapigwa picha, akashuka.

Hakuwa na ugomvi na sukari. Picha ndiyo iliyomtia wazimu. Mwaka ule wa 2016, Hien, binti wa ofisi ya utamaduni ya kata, alimwambia, "Shangazi, tabasamu kidogo, uso umekuwa mkavu." Thoan alikuwa na miaka hamsini na tisa na goti bovu. Akamtazama yule binti aliyezaliwa vita vimekwisha zamani, akajiuliza atabasamu kwa lipi hasa. Kisha akatabasamu, maana asingetabasamu wangerudia, na jua lilikuwa limeshaanza kumchoma shingo.

Alishukuriwa kwa ajili ya kaka yake, Khang. Aliondoka kijijini mwaka 1970 akiwa na miaka kumi na tisa, akafa Quang Tri mwaka 1972. Mifupa yake haikupatikana. Nyumbani kulibaki picha moja aliyopigwa siku ya kuondoka, shati limemzidi mabega. Cheti chenye mhuri mwekundu ukutani. Meza ya wafu wa nyumba na bakuli la kuchomekea ubani. Na mama yao, Bi Nhai, mwenye miaka tisini na mmoja, macho yamezimika lakini masikio na ulimi viko kazini saa zote.

Thoan hakuolewa. Watu walisema ni kwa sababu wanaume wa rika lake waliliwa na vita, na kweli wengi waliliwa, lakini mmoja alibaki, fundi matofali wa ng'ambo ya mto Tra Ly, mtu mtaratibu, akaja kuposa mara mbili. Mara ya pili, baba akiwa ameshafariki, Thoan alimuuliza nani atabaki na mama. Fundi akasema mama aje naye, nyumba ni kubwa. Mama akasema haondoki hapa, Khang akirudi atamkuta nani? Hiyo ilikuwa 1979, miaka mitano tangu karatasi ya kifo ifike. Fundi akaoa kwingine, akazaa wanne, na Thoan akabaki kwenye mtambo wa mikeka, mama akipenyeza nyasi za ndago na yeye akigonga, mkeka baada ya mkeka, mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Kitu kimoja alijivunia, nacho ni karamu ya Khang. Wafu wa kwao hurudi nyumbani kula siku waliyokufa, na siku hiyo huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, kwa sababu ile kalenda nyingine, ya serikali, ni ya shule, hospitali na mikutano. Ukimpikia mtu siku isiyo yake umepika bure. Hakuja. Amesimama mahali fulani na tumbo lake, anasubiri aitwe. Basi kila mwaka, kumi na nne ya mwezi wa nane, siku moja kabla ya sikukuu ya mbalamwezi ya watoto, Thoan alichinja kuku, akapika wali mwekundu wa kunata, na juu ya yote akapika mchuzi wa kaa wa mashamba ya mpunga kwa mlenda, na ngogwe za kuchachusha pembeni, chakula ambacho Khang alikipenda kuliko nyama. Mwezi huo mlenda umeshakomaa, una nyuzi, hauliki. Kila mwaka alizunguka kijiji kizima akitafuta shina moja lililochelewa, na kila mwaka alilipata.

"Umemtendea haki kaka yako," mama alimwambia kila mwaka wakati wa kuondoa vyombo. Hiyo ndiyo shukrani pekee ambayo Thoan aliiamini. Ameipokea mara arobaini na mbili.

Siku ileile ya picha aliporudi nyumbani na mfuko wake, alimkuta mzee mgeni amekaa kibarazani, mguu mmoja wa bandia ameunyoosha mbele yake, kofia ameiweka juu ya goti. Mama alikuwa amelala ndani. Mzee akajitambulisha kwamba anaitwa Quyet, ametoka mkoa wa Ha Nam, na alikuwa kikosi kimoja na Khang. Alikuwa amewatafuta ndugu wa Khang miaka ishirini. Khang hakuwahi kuwatajia jina la kijiji lililoandikwa serikalini, alisema tu kwetu Gu, na Gu ni jina la nyumbani, haliko kwenye ramani yoyote, na kata yenyewe imebadilishwa jina mara mbili. Mwaka huu ndipo mtu mmoja wa chama cha wapiganaji wa zamani, mzaliwa wa huku, alipomwambia Gu ni wapi.

Alichoma ubani, akasimama mbele ya ile picha, akalia bila kujificha. Alipomaliza akafuta uso kwa kofia, akakaa, akanywa chai, akaeleza. Thoan alikuwa amesubiri hadithi hiyo miaka arobaini na miwili, akaisikiliza mikono ameibana katikati ya magoti. Haikuwa na bendera wala kelele za ushindi. Asubuhi kulikuwa na mvua, watu walitaka maji ya chai, Quyet ana homa, Khang akachukua ndoo akateremka kijitoni, kombora likaanguka huko huko.

"Zamu ilikuwa yangu, dada," Quyet alisema.

Thoan akamjibu kwamba hakuna anayemlaumu. Alisema kweli, alikuwa na shukrani nyingi kwa mtu huyu, akamwongezea chai. Na hapo ndipo Quyet, kwa moyo mweupe kabisa, alipoibomoa nyumba.

Alisema amefika kwa bahati nzuri, zimebaki siku kumi na mbili tu, na kama watamkaribisha atarudi ale na Khang.

Thoan akacheka kidogo. Alidhani mzee amechanganyikiwa na safari. "Kaka, karamu yetu ni mwezi wa nane. Kumi na nne."

"Kumi na nne mwezi wa nane ni ya serikali," Quyet alisema. "Kwa mwezi mwandamo ilikuwa sita, mwezi wa saba. Siwezi kusahau. Kesho yake ilikuwa saba ya saba, siku ya wapenzi, ambayo mvua yake husemwa ni machozi yao, na usiku wa kuamkia siku ile tulikuwa tumetaniana kwamba kikosi kizima hakina hata mchumba mmoja wa kumlilia mtu."

Akatoa kidaftari kilichofungwa kwa nailoni, akakifungua, akakiweka mezani. Kalamu ya risasi ilikuwa imefifia lakini ilisomeka, na tarehe zote mbili zilikuwepo, moja juu ya nyingine. Akaeleza kwamba tangu mwaka ule, kila tarehe sita ya mwezi wa saba, humwekea Khang bakuli la wali nyumbani kwake. Alijua huku kwao wanamfanyia kubwa, lakini zamu ilikuwa yake, hakuweza kuacha.

Thoan aliinua macho akakitazama cheti ukutani. Kumi na nne, nane, sabini na mbili, na mhuri mwekundu. Karatasi ya serikali, tarehe ya serikali. Nani asiyejua? Yeye mwenyewe, akipewa siku ya kliniki, huigeuza kichwani kabla hajafika mlangoni. Cheti kile amekifuta vumbi mara ngapi? Amekisoma mara ngapi? Macho yalipita juu yake kila asubuhi na hayakuona kitu, kwa sababu tarehe ile ilikuwa imeshasomwa, na aliyeisoma ni yeye.

Kwao hapakuwa na msomi. Baba na mama walijua jembe na mtambo. Khang ndiye aliyemng'ang'ania baba ampeleke Thoan shule, akamwambia waziwazi, nikienda jeshini nani atawasomea barua zangu, kuku? Msimu wa mafuriko alimbeba mgongoni kuvuka njia iliyozama, vitabu amevishika kichwani. Barua zikaja saba. Thoan alizisoma zote kwa sauti, na palipokuwa na maneno ya kuhuzunisha aliyaruka, akajiona fundi. Halafu mwaka 1974, mwezi wa nne, wakaja watu wawili na karatasi. Walizungumza kirefu juu ya heshima na deni la nchi, wakampa baba mkono, wakaenda nyumba nyingine. Baba alibaki ameishika karatasi kichwa chini miguu juu. Akampa Thoan. "Soma siku," alisema. "Siku tu." Thoan ana miaka kumi na saba, kamasi na machozi vinamtiririka, akasoma kumi na nne, mwezi wa nane. Baba akairudia mara tatu ili isimtoke. Hakuna aliyeuliza mwezi wa nane wa nani.

Mama alipoamka, Thoan alimwomba Quyet kwa macho na kwa mkono asitaje tarehe, naye hakuitaja. Quyet aliushika mkono wa mama mchana mzima akimsimulia vituko vya Khang, jinsi alivyoiba muhogo wa kamanda akamgawia kamanda mwenyewe, na mama akacheka mpaka akakohoa. Wakati wa kuondoka, getini, Quyet alimwambia Thoan, "Uamuzi ni wako, dada. Mimi tarehe sita nitamwekea kama kawaida, iwe kwangu au kwako."

Siku kumi na mbili, basi. Akinyamaza, Khang atakaa na njaa mwaka mwingine, na safari hii dada yake anajua. Akisema, mama wa miaka tisini na mmoja ataambiwa kwamba karamu zote zile zililiwa na nzi na binamu, na kwamba kosa limetoka kinywani mwa bintiye. Thoan alilala nalo, akaamka nalo. Na kilichomuuma kupita vyote, aibu tupu lakini kilimuuma, ni lile bakuli la Quyet. Mtu baki, hana hata mlenda, na wali wake mtupu, ndiye aliyekuwa akimlisha kaka yake. Na yeye, na kuku wake, na kuzunguka kwake kijiji kizima na goti linalia, alikuwa akimlisha nani?

Alianza kwa Bang. Huyu Bang ni mkuu wa ukoo wao, mtoto wa baba mkubwa, na kwa sababu ya tawi lake kuwa la juu, Thoan humwita kaka, ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri, amembeba mgongoni akiwa mchanga, na amekojolewa naye nguo zote. Alimkuta anakata miti yake ya kwenye vyungu kwa mkasi mdogo. Akamweleza yote. Bang hakushtuka hata kidogo.

Alisema ni jambo dogo hilo, liachwe. Tarehe imeshaandikwa kwenye kitabu cha ukoo, kwa wino mzuri, na nakala zimeshagawiwa mpaka kwa walioko mjini. Tena kumi na nne ya mwezi wa nane ni siku nzuri, vijana wanarudi nyumbani kwa ajili ya mbalamwezi, nyumba inajaa. Mwezi wa saba nani atakuja? Mwache bibi kizee apumzike na imani yake, akishafariki tutageuza polepole.

"Kaka," Thoan alisema, "umekula karamu ile miaka yote. Ulijua kwamba karatasi ni ya serikali?"

"Karatasi zote ni za serikali. Tulidhani mlishageuza. Si wewe ndiye msomi wa nyumba ile?"

"Na hukuuliza."

"Niulize nini? Chakula kilikuwa kitamu."

Thoan alitamani kung'oa mti mmoja pale kwenye chungu amchape nao. Badala yake akaaga kwa adabu, kama inavyompasa mdogo kumuaga kaka, na njia nzima damu ilimchemka hata akapita nyumba yake mwenyewe bila kuiona. Ilimbidi arudi.

Kesho yake akaenda kata. Alikwenda na tumaini la kijinga, kwamba huenda Quyet amekosea, huenda mahali fulani kwenye kabati kuna karatasi inayosema wamekuwa sahihi muda wote. Hien alimkaribisha kiti, akafungua kompyuta, akatafuta, akasoma. Kumi na nne, nane. Ya serikali, ndiyo, shangazi, zote ni za serikali, mashine yetu haijui mwezi mwandamo. Kisha, kwa kutaka kusaidia, akasema familia nyingi siku hizi zinaungana na siku ya pamoja, ile ishirini na saba, haina usumbufu, kila mtu anashukuriwa mara moja.

"Mmenishukuru mara arobaini na mbili, mwanangu," Thoan alisema, na sauti ilikuwa imeshapanda, ofisi nzima imegeuka. "Sukari nimepokea, taulo ninazo kabati zima. Hakuna hata mmoja wenu, hata mmoja, aliyewahi kuniuliza kaka yangu tunamlisha lini."

Hien alitazama vidole vyake kwenye vibonye. Akasema samahani, shangazi, kwa sauti ndogo, na samahani hiyo ilikuwa ya kweli, ndiyo ikamchoma Thoan zaidi. Alikuwa amemfokea mtoto. Wale wawili wa mwaka 1974, waliopaswa kufokewa, walikuwa wamekufa kwa uzee, na wao pia siku ile walikuwa wamechoka, wana karatasi nyingine mkobani, nyumba baada ya nyumba. Na wao hawakusoma. Aliyesoma anajulikana.

Siku zikaenda. Thoan alikuwa haongeleki. Aliunguza wali, akamfukuza jogoo wa jirani kwa matusi ambayo jirani aliyasikia, akafuma mkeka wenye pindo lililopinda akaufumua wote. Mama, anayekaa kibarazani kutwa nzima akichambua ndago kwa vidole, ndefu huku, fupi kule, alimuuliza ana nini, mbona mtambo unagongwa kama mwizi. Thoan akasema goti. Mama akasema goti halijawahi kumfanya mtu atukane jogoo.

Mwezi wa saba ukaandama. Ukiingia mwezi huo, kila nyumba kijijini huanza kununua mchele wa uji wa kuwamwagia wafu wasio na kwao, wale wazururaji waliokosa wa kuwapikia, na mama akamkumbusha Thoan kwamba mwaka huu aweke mwingi, maana vita vimeacha wengi, maskini, watoto wa watu. Thoan alikuwa ameshika kibaba. Alisikia maneno hayo, watoto wa watu, mchele ukamwagika sakafuni, akaingia jikoni akajifunga mdomo kwa kanga ya kazi mpaka pumzi ikamrudia. Hapo akajua hawezi. Angeweza kumdanganya mama kuhusu jambo lolote duniani, si hilo.

Alimwambia tarehe tatu, asubuhi, baada ya uji. Alikaa sakafuni mbele yake, karibu, ili asilazimike kupaza sauti. Alimwambia alichokisema Quyet, na kidaftari, na tarehe mbili moja juu ya nyingine. Alimwambia nani alisoma karatasi na nani alipaswa kujua. Alisema Khang amekosa chakula cha kwao mara arobaini na mbili na ni yeye aliyemnyima. Halafu akaharakisha, akaeleza kwamba si kwamba alilala njaa kabisa, yule Quyet alimwekea wali kila mwaka, siku yenyewe, bila kukosa. Na bado siku tatu, mama, tunaweza kumpikia, kaa wako tele mashambani sasa hivi na mlenda ni mchanga, nitampikia vizuri.

Mama alikuwa ameacha kuchambua. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya paja, umefunguka, na kidole gumba kilitembea juu ya pingili za vidole vingine, moja, nyingine, nyingine, kama wanavyohesabu wazee. Kilifika mwisho kikaanza tena. Thoan alikitazama kidole kile muda mrefu, hajui kinahesabu nini. Alidhani ni miaka.

"Siku thelathini na nane," mama alisema.

"Mama?"

"Toka sita ya mwezi wa saba mpaka kumi na nne ya mwezi wa nane. Mwaka ule mwezi wa saba ulikuwa na siku thelathini kamili, nakumbuka. Thelathini na nane."

Thoan hakuelewa, akaanza tena habari ya Quyet na bakuli lake. Mama akamkatisha. Alisema Quyet ni mtoto mwema na akija tena atamshika miguu kumshukuru. Alisema wali ni wali, mtu mwenye njaa anashukuru, hilo halimsumbui.

"Sililii chakula," alisema. "Sikiliza. Kila mwaka mwezi huu ukiandama, najiambia, sasa hivi Khang yuko hai. Ananyeshewa, ana viroboto, anamtukana kamanda, lakini yuko hai. Nakaa hapa nachambua ndago zangu, wewe unadhani nimesinzia, mimi niko na mwanangu mzima. Mpaka kumi na tatu ya mwezi wa nane. Kumi na nne ndiyo ananifia. Siku zote hizo zilikuwa zangu, na wewe leo umekuja kuzichukua."

Kwa siku tisa Thoan alikuwa ameogopa njaa ya kaka yake, amegombana na ukoo na kata na jogoo kwa ajili ya njaa hiyo, na hakuwa amewaza kabisa juu ya jambo hili. Aliuliza, kwa shida, kama ingekuwa afadhali asimwambie.

"Ungenisomea vizuri mwaka ule," mama alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema tu, na Thoan akainamisha kichwa akalipokea, kwa sababu lilikuwa lake. Mwanamke mmoja alipita barabarani na baiskeli ya mboga, akawasalimu kwa sauti, na mama akamjibu salamu yake kama kawaida, akamuuliza hali ya mkwewe. Baiskeli ikaenda.

"Leo ni ngapi?" mama aliuliza.

"Tatu, mama."

Kidole gumba kikapita juu ya pingili mara tatu, taratibu, kikasimama.

"Basi bado yuko hai," mama alisema. "Leo, kesho na kesho kutwa. Tarehe sita utapika. Sasa hivi usinitajie kaa wala mlenda. Mwache kwanza."

Akanyoosha mkono, akapapasa, akalipata fungu la ndago, akaendelea kuchambua, ndefu huku, fupi kule. Thoan akabaki palepale sakafuni, goti limekufa ganzi, hakuthubutu kuinuka.